Mto Niliouvuka kwa Mdomo

Mgongo wangu uliharibiwa na nyundo, si uzee. Nalisema hili mapema ili mtu asinionee huruma ya bure. Miaka arobaini na zaidi nimepiga springi za malori pale upande wa viwanda Mbale, chuma kinatoka motoni chekundu, kinakwenda kwenye fuawe, kinapigwa mpaka kinakubali, na hakuna aliyenifundisha kazi hiyo isipokuwa njaa. Shuleni nilifika darasa la tatu. Kusoma kwenyewe nilijifunzia kwenye maboksi ya vipuri. Nyumba nimejenga, watoto nimesomesha mpaka wakajua kunisahihisha. Kwa hiyo binti yetu mkubwa, yule anayekaa Mafubira kule Jinja, alipokuja na kusema, "Baba, sasa mpumzike, nitawapeleka mbugani Kidepo," nilikuwa na jibu tayari. Nilimwambia mapumziko ya mzee ni kitanda chake mwenyewe.

"Lakini Baba, si ndiko ulikovuka ule mto?"

Mama yao alikuwa jikoni, anakoroga malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwenye mchuzi wa karanga. Akaacha kukoroga.

"Mimi nataka kuona ule mto," alisema. "Kabla magoti haijakataa kabisa."

Hapo ndipo uchovu wangu ulipoanzia, siku ile, jikoni kwangu, kabla sijapanda gari lolote. Kwa sababu ule mto sikuuvuka. Sikuufikia. Hata vumbi lake sikuliona.

Inabidi nieleze, na nitaeleza kwa kifupi kwa sababu mambo haya yananichosha.

Mimi ni Mnubi wa Walukuba, mtaa wa Jinja. Babu wa babu yangu alitoka Sudani na bunduki ya watu wengine begani, na sisi wajukuu tukarithi Kiswahili chake pamoja na lawama zake. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, ukifungua mdomo Jinja na Kiswahili kikatoka kimenyooka, mtu anakuuliza, baba yako alikuwa kambi gani? Baba yangu alikuwa anafagia kiwanda cha nguo. Nani angesikiliza? Nikaondoka. Nikaenda Mbale, nikapakia malori, nikaosha malori, nikalala chini ya malori, mwisho nikapewa usukani.

Pale maegesho ya malori kulikuwa na msichana wa Kigisu anayeuza vitunguu. Mimi sikujua Kilumasaba cha kwao, yeye hakujua Kinubi. Tulipendana kwa Kiswahili kibovu, na mpaka leo nyumba yetu inakwenda kwa Kiswahili hicho hicho. Yeye barabara anaiita balabala. Nilishaacha kumrekebisha.

Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa mlimani. Nilipopanda kwake kujitambulisha, kaka zake walisimama mlangoni kama wanaziba upepo. Mtoto wa kambi, ndivyo walivyoniita, na mimi nasikia. Lakini mzee alinikaribisha, akanitazama muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Wewe ulisimama wapi?"

Asiyewajua Wagisu atafikiri anaulizwa habari za njia. Kwa Wagisu mtoto wa kiume hazaliwi mwanamume. Anasimama. Anasimama uani mchana kweupe, fimbo ameishika nyuma ya shingo kwa mikono miwili, kisu kinapita, na ukoo mzima unatazama kama kope lake litacheza. Akimaliza bila kutikisika anakalishwa chini, watu wake wanamfunika shuka mabegani, na tangu saa hiyo hakuna atakayemwita mtoto tena. Mimi nilitahiriwa nikiwa mchanga wa siku chache, kama Waislamu tunavyofanya. Nasikia nililia kama mbuzi. Sasa nimwambie nini yule mzee? Sikuwa na mahali niliposimama.

Basi nikatafuta pa kusimama.

Mwezi uliotangulia nilikuwa nimetumwa kupeleka mahindi Karamoja, mpaka juu kabisa, karibu na mpaka wa Sudani. Nilifika Kotido. Pale nikasikia wezi wa ng'ombe wako njiani na bunduki, na nikaogopa. Siweki sukari kwenye neno hilo. Niliogopa. Nikaegesha lori kwenye ukuta wa misheni, nikatuma habari kwa tajiri wangu kwamba springi imevunjika. Springi ilikuwa nzima. Nililala chini ya lori siku nane, mpaka dereva mwingine akaja akachukua mzigo, mimi nikarudi Mbale. Mungu naye anajua kucheka: maisha yangu yote baada ya hapo nimekula kwa springi.

Lakini katika siku zile nane nilikaa na madereva kwenye kibanda cha chai, na mmoja akasema, "Ule mto wa Kidepo juzi umemeza lori. Imebaki kabini tu." Sasa mimi nimezaliwa Jinja. Naili inatoka ziwani mbele ya macho yangu, kelele zake nilizisikia kabla ya kujua jina langu. Mtu wa Jinja ukimwambia mto umemeza lori, anaona maji. Ataona nini kingine? Neno hilo nikaliokota, nikalibeba mpaka mlimani, nikaliweka mbele ya mzee wa watu. Nikamwambia niliuvuka huo mto, maji yamefika kwenye taa za lori, mvua juu, mzigo nyuma. Nikaongeza mamba wawili. Mmoja angetosha, lakini mzee alikuwa anasikiliza vizuri.

Mzee akawageukia wanawe. "Huyu amesimama majini," akasema. "Mpeni kiti."

Ndivyo nilivyooa. Mpaka anaingia kaburini mkwe wangu aliniita Yule wa Mtoni, na wanangu wamelelewa kwa hadithi hiyo kama kwa uji.

*

Tulisafiri siku mbili. Binti ndiye aliyeendesha, mama yake kando yake, mimi nyuma na mto wa kitanda mgongoni. Siku hizi lami inafika Moroto, na watu wanaisifu. Mimi nasema lami inakupeleka haraka mahali usikotaka kwenda. Tukalala Moroto. Asubuhi lami ikaisha, na mgongo wangu ukaanza kuhesabu mashimo.

Nchi ile ni kavu namna ambayo sisi wa Mbale hatuijui. Kwetu ukidondosha mbegu kwa bahati mbaya, kesho unauomba mmea njia. Kule miti yote ina miiba na inasimama mbalimbali, kama watu waliogombana. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye maji ya kunywa. Wachungaji wanapita na shuka zao, kila mmoja na kigoda kidogo mkononi, na nilifikiri, hawa wana akili, mtu asiende popote bila kiti chake.

Tulipopita Kotido niligeuza uso upande wa pili. Mke wangu akagonga kioo.

"Mzee! Si ndio hapa springi ilivunjika?"

"Hapo."

"Ukatengeneza peke yako, ukaendelea."

"Mm."

"Peke yake, unasikia?" akamwambia binti. "Hakuna jeki, hakuna fundi."

Binti akanitazama kwenye kioo cha dereva akatabasamu kwa fahari. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala. Mtu ataniuliza kwa nini sikusema hapo hapo. Nilichoka. Uongo ukiwa mpya unaubeba kama kofia. Ukizeeka nao unakuwa gunia la chumvi lililonyeshewa mvua, na hujui uanzie wapi kulitua.

Mbugani tulipewa askari wa kutuongoza, kijana mrefu wa huko huko, sare ya kijani na bunduki. Aliingia akakaa kando yangu nyuma. Nikamwita afande, kwa sababu anayebeba bunduki ndivyo tunavyomwita, na yeye akaniita mzee. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatikakatika, lakini kilijua njia.

Alituonyesha kila kitu. Milima imezunguka bonde pande zote kama ukuta wa boma, samawati kwa mbali, kijivu ukiikaribia. Mawe makubwa yamekaa peke yake uwandani, utafikiri mtu aliyaweka pale akisema atarudi kuyachukua. Juu ya jiwe moja simba alikuwa amelala, mguu mmoja unaning'inia.

"Huyu analala kama wewe Jumapili," mke wangu akaniambia.

"Amechoka," nikasema.

"Amechoka na nini? Mke wake ndio anawinda."

Afande akacheka mpaka bunduki ikagonga mlango. Nyati tuliwaona, mbuni tuliwaona, tembo mmoja alitufungia njia mpaka aliporidhika. Binti alipiga picha. Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu. Nilikuwa nasikiliza maji. Kila tulipopanda kilima nilifungua dirisha, maana mto unaoweza kumeza lori lazima usikike, na nilikuwa nimejipangia maneno: nitasema tulivukia chini zaidi, au daraja limejengwa, au njia ya zamani imefungwa. Fundi haendi kazini bila vifaa.

"Afande," nikauliza, "mto uko mbali?"

"Tumefika, mzee."

Gari likasimama.

*

Palikuwa na miti ya mivumo, mirefu kama minazi, mistari miwili, huku na kule, na katikati yake mchanga. Mchanga mweupe, safi, umelala kitandani mwa mto kwa upana wa uwanja wa mpira na zaidi, unapinda unapotelea milimani. Maji hakuna. Hakuna hata ya kulowesha kidole. Jua limekaa juu yake, na mchanga unalirudishia mwanga wake.

"Kidepo," afande akasema. "Kwa lugha ya huku ni kuokota. Zamani wamama walikuja kuokota matunda ya hii miti, yakianguka."

Kuokota. Nikashuka nikiushika mlango.

Binti alikuwa ameshashuka, simu mkononi. "Baba, njoo usimame hapa. Mama, sogea karibu naye. Wajukuu wanasubiri. Sema tu, 'Hapa ndipo nilipovuka,' halafu eleza mambo ya mamba."

"Mamba?" afande akauliza.

"Baba alivuka hapa na lori, miaka ile. Kulikuwa na mamba wawili."

Afande alinitazama, akautazama mchanga, akanitazama tena. Alikuwa kijana mwenye adabu, lakini adabu ina mipaka. "Mzee, hapa mamba atakunywa nini? Hii mto inapata maji siku mbili tatu, mvua ikinyesha sana. Inakuja na nguvu, inapita, inaisha. Mwaka mzima ni mchanga. Malori, ndiyo, inameza sana. Mchanga ndio inameza."

Hapo nikaelewa neno la yule dereva wa Kotido, miaka yote hiyo baadaye. Lilikuwa la kweli. Mimi ndiye niliyelimwagia maji.

Binti yangu ni mtoto mzuri. Akaniona uso umebadilika akanifungulia mlango wa kutorokea. "Labda zamani maji yalikuwa mengi," alisema. "Siku hizi hali ya hewa imebadilika kila mahali, si ndiyo, afande? Hata mito inakauka."

Mlango mzuri kabisa. Msomi ndiye aliyeutengeneza. Ningeingia tu, nisimame mbele ya simu, niseme ndiyo, zamani kulikuwa na maji, na wajukuu wangenikubali, na ningerudi Mbale Yule wa Mtoni mpaka kaburi langu.

Mke wangu alikuwa amesimama ukingoni na anachokoa mchanga kwa ncha ya kiatu, polepole, kama mtu anayetafuta sindano.

"Mzee," akasema bila kugeuka. "Mamba walikuwa upande gani?"

Kama angeniuliza kwa ukali ningedanganya. Aliniuliza kama anataka kujua kweli, ili ajue pa kutazama.

"Mama, sikuvuka," nikasema. "Niligeuza Kotido. Springi ilikuwa nzima. Niliogopa."

Binti akashusha simu. Afande akagundua kwamba kuna ndege wa muhimu sana juu ya mvumo.

"Baba yangu alikufa akikuita wa mtoni," mke wangu akasema.

"Najua."

"Kaka zangu walitaka kukufukuza na fimbo. Yeye akasema, huyu amesimama."

"Najua."

"Unajua, unajua! Miaka yote hii unajua peke yako." Sasa akageuka, na hakuwa analia. Mke wangu halii akiwa na hasira. "Wamama wenzangu walisema mume wako ni mtoto wa kambi, mimi nikawaambia, wenu walivuka nini? Mimi nilitembea na huo mto kichwani kama mtungi. Kumbe mchanga."

Nimezungumza na matajiri, na polisi, na watu wa kodi, na wote niliwajibu. Pale nikakung'uta vumbi la suruali.

Akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo.

"Vuka."

"Mama!" Binti akaingilia. "Jua hili? Na mgongo wake?"

"Wewe nyamaza. Hii si ya watoto." Kisha kwangu tena, kwa sauti ya chini: "Alikuuliza ulisimama wapi. Haya. Nenda usimame."

Afande akapanda juu ya boneti, akatazama ng'ambo kwa muda, kulia na kushoto. "Iko wazi," akasema. "Lakini mzee, pole pole. Inakula miguu."

*

Nikachukua fimbo yangu nikaingia mtoni.

Mchanga ule si wa kutembea. Unaweka mguu, unazama mpaka kwenye kifundo, unauvuta, na umepata nusu hatua. Fimbo nayo inazama. Joto lilipanda kwenye soli za viatu likafika magotini. Hatua kama ishirini na nilikuwa natoa jasho la kazi, jasho la karakana, na katikati mgongo ukakaza kama jani la springi lililopigwa vibaya. Nikasimama. Nilitaka kutazama nyuma, sikutazama. Nilijua nikimwona nitarudi, na nikirudi sitakuwa na pa kurudi.

Sijui nilichukua muda gani. Mawazo makubwa sikuwa nayo, nisidanganye tena. Niliwaza kiti. Niliwaza wale wachungaji na vigoda vyao.

Nilipofika ukingo wa pili, chini ya mivumo, nikageuka. Walikuwa wadogo kule, gari dogo, watu wadogo watatu. Nikakumbuka yule kijana wa uani ninayemwona kila mwaka wa pili Mbale anaposimama. Nikaichukua fimbo nikajaribu kuipitisha nyuma ya shingo. Mabega yalikataa. Nikaisukuma kwa nguvu mpaka ikafika, nikaishika kwa mikono miwili, nikasimama hivyo juani, mtu wa sabini na kitu, mjinga wa Walukuba, na miguu yangu ilitetemeka kama ya ndama. Nilitikisika. Nasema ilivyokuwa. Nilitikisika mwili mzima, kisha fimbo ikaanguka, na mimi nikakaa chini kwenye mchanga kwa sababu hapakuwa na namna nyingine.

Niliinamisha kichwa, nikavuta pumzi. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa katikati ya mto.

Alikuwa anakuja na magoti yale yaliyobakiza mwezi mmoja yakatae, kikoi kimoja kiunoni na kingine begani, afande nyuma yake na bunduki, anamnyooshea mkono na yeye anaukataa. Kila hatua kadhaa anasimama, anaapa kwa Kilumasaba, anaendelea. Nilitaka kumwambia arudi. Nikapunga mkono, hakujali.

Alifika. Alitoa kikoi cha begani, akakikung'uta vumbi, akanifunika mabegani, akavuta ncha mbili mbele mpaka zikakutana kifuani kwangu.

"Jua kali," akasema.

Kisha akajishusha akakaa kando yangu, kwa awamu tatu, kama ng'ombe anavyolala. Afande akasogea mbali kidogo, akatupa mgongo.

"Ulitikisika," mke wangu akasema.

"Nilitikisika."

"Niliona."

Tukakaa. Upepo ulikuwa unapita juu ya mchanga na kuuchora mistari, halafu unaifuta. Nilijaribu kuinuka, nikashindwa. Naye akajaribu, akashindwa, akanishika mkono ili ajaribu tena, tukashindwa wote wawili. Ng'ambo binti alikuwa anawasha gari aje kutuchukua, na mimi nilijua kwa sauti ya injini kwamba anaingia mchangani kwa gia isiyofaa. Nimesema vya kutosha kuhusu magari na mto huu.

"Baba yangu atakuuliza wale mamba," akasema.

"Mwambie hawakuwepo."

"Mwambie wewe mwenyewe. Wewe ndio unatangulia."

Akatoa karanga kwenye pindo la kikoi chake, akanipa nusu.